Fundo la Ulimi: Wajibu Wetu kwa Mtoto Aliyechelewa Kusema

(Mada iliyotolewa mbele ya wazazi, walimu wa madrasa na vijana mjini Migori. Imefupishwa kidogo ili iingie katika kurasa zetu.)



Sifa zote njema ni zake Allah (S.W.), aliyetupa masikio ya kusikia, ulimi wa kusema na akili ya kupambanua. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, maswahaba wake na wote wenye kufuata mwenendo wao mpaka siku ya mwisho.

Ama baad. Wazee wangu, mama zangu, maustadh wangu na vijana wenzangu, nimepewa dakika chache tu kabla ya adhana, na najua njaa ishaanza kuuma. Kwa hiyo nitakwenda moja kwa moja kwenye mada.

Sote tunaijua dua ya Nabii Musa (A.S.) katika Surat Twaha. Alipotumwa kwenda kwa Firauni hakuomba jeshi wala mali. Aliomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake, na lifunguliwe fundo lililokuwa katika ulimi wake ili watu wafahamu maneno yake. Kisha akaomba ndugu yake Harun awe msaidizi wake. Dua hii tunaisoma kabla ya mtihani na kabla ya kusimama mbele za watu kama hivi. Lakini tumewahi kujiuliza inatufundisha nini? Inatufundisha kwamba mtu anaweza kuwa na uzito wa ulimi na bado akawa mbora mbele ya Mola wake, tena miongoni mwa Mitume wakubwa. Inatufundisha pia kwamba kuomba msaada kwa ajili ya ulimi si aibu, na kwamba mwenye uzito huo anahitaji mtu wa kusimama naye. Musa alikuwa na Harun. Je, mtoto wetu asiyesema ana nani?

Mada yangu leo ndiyo hiyo: watoto wadogo waliochelewa kusema, wasiosikia, wenye kigugumizi, au wanaosema lakini hawaeleweki. Wako Migori, Isebania, Rongo na Sori. Wako Homa Bay, Mbita na Kendu Bay. Katika sensa ya 2019 kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori watu 1,116,436, na sehemu kubwa ya hao ni watoto. Haiwezekani watu wengi hivyo wasiwe na watoto wa namna hii. Ikiwa hatuwaoni msikitini na madrasani, basi tujue wamebaki ndani ya nyumba.

TIBA YA USEMI NI KITU GANI?

Wengi wakisikia tiba wanafikiria sindano na vidonge. Tiba ya usemi na lugha haiko hivyo. Mtaalamu hukaa na mtoto na mzazi, mara nyingi chini mkekani, akacheza na mtoto huku anamwangalia kwa makini. Anasikia? Anaelewa anachoambiwa? Anatumia mikono kuonyesha anachotaka? Anamtazama mtu usoni? Midomo na ulimi vinakwenda sawa? Anatafuna na kumeza vizuri? Manake viungo vya kula ndivyo hivyo hivyo vya kusema, na baadhi ya watoto wenye mtindio wa ubongo hupaliwa na uji kila siku, jambo ambalo ni hatari kwa mapafu.

Baada ya hapo humfundisha mzazi mambo ya kufanya nyumbani. Hapa ndipo penye siri ya tiba hii. Mtaalamu anamwona mtoto pengine saa moja kwa mwezi, lakini mama, baba, nyanya na ndugu wako naye kutwa. Kwa hiyo daktari mkubwa wa mtoto huyu ni ile familia yake.

Tutofautishe pia usemi na lugha. Usemi ni namna sauti zinavyotoka mdomoni. Lugha ni kuelewa na kueleza maana. Mtoto anaweza kusema "lafiki" badala ya "rafiki" na lugha yake ikawa nzima kabisa. Mwingine anaweza kutamka kila herufi vizuri lakini anarudia tu maneno uliyomwambia bila kuelewa. Huyu wa pili ndiye wa kushughulikiwa haraka.

TUANGALIE NINI, NA LINI?

Watoto hawalingani, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Lakini ipo mipaka ambayo mzazi asiipite akiwa amekaa kimya.

Miezi michache ya mwanzo, mtoto hushtuka kwa kelele na hutulia akisikia sauti ya mama. Kabla ya mwaka hucheza na sauti, "ba-ba-ba, da-da-da", na hugeuka akiitwa. Karibu na mwaka mmoja huanza kunyoosha kidole na kusema neno lake la kwanza. Akifika miaka miwili huunganisha maneno mawili, mfano "mama njoo", au kwa Kiluo "adwaro pi", yaani nataka maji. Miaka mitatu huzungumza sentensi fupi na watu wa nyumbani wanamwelewa. Miaka minne hata mgeni anamwelewa kwa sehemu kubwa.

Sasa, mtoto asiyegeuka akiitwa, asiyeonyesha kwa kidole wala kutoa neno akifika mwaka na nusu, asiyeunganisha maneno mawili akifika miaka miwili, au aliyekuwa anasema kisha akaacha, apelekwe kuangaliwa. Huyo wa mwisho, aliyepoteza maneno aliyokuwa nayo, asingojwe hata wiki.

Mama zangu, mnacho kile kijitabu cha kliniki, cha mama na mtoto. Wengi wetu tunafungua ukurasa wa chanjo na wa kilo tu. Humo ndani upo pia ukurasa wa hatua za ukuaji. Ukienda kliniki mwambie muuguzi waziwazi: "Dada, mtoto wangu hasemi, naomba aangaliwe." Usingoje uulizwe, manake foleni ni ndefu na muuguzi anaweza kupitiwa.

SABABU ZAKE

Sababu ya kwanza ya kuchunguza ni masikio. Mtoto asiyesikia hawezi kuiga asichokisikia. Wengine huzaliwa hivyo. Wengine hupata homa ya uti wa mgongo, au mama aliugua rubela akiwa mjamzito. Wengine ni usaha wa masikio unaotoka mwezi baada ya mwezi na sisi tunaona ni jambo la kawaida la utoto. Si la kawaida. Usaha wa sikio unatibika, na ukiachwa unaweza kula usikivu wa mtoto polepole. Tafadhali tusimwagie mafuta ya moto, mkojo wala maji ya majani sikioni.

Ya pili ni malaria. Sisi wa kandokando ya ziwa tunaijua malaria kama tunavyoijua omena. Watafiti wa Kilifi walionyesha katika miaka ya 2000 kwamba baadhi ya watoto waliopona malaria kali, ile inayopanda kichwani na kuleta degedege na kupoteza fahamu, hubaki na udhaifu wa lugha, kumbukumbu au kusikia. Mtoto amepona, tumemshukuru Allah, tumechinja, lakini maneno hayakurudi kama zamani. Mtoto kama huyo arudishwe hospitali akachunguzwe usemi wake. Na kinga ni bora: neti kila usiku, hospitali mapema, na chanjo ya malaria, ambayo Kenya iliianzia hapa kwetu kaunti ya Homa Bay mwezi Septemba 2019.

Ya tatu ni matatizo ya wakati wa kuzaliwa: mtoto aliyechelewa kulia kwa kukosa hewa, au aliyekuwa na manjano kali siku za mwanzo. Ya nne ni mdomo sungura na kaakaa lililo wazi, ambalo hufanya sauti zitokee puani. Upasuaji wake unafanywa bila malipo Kenya kwa msaada wa mashirika kama Smile Train, na baada ya upasuaji mtoto huhitaji tena kufundishwa kusema. Ya tano ni usonji, ambapo mtoto hupata shida kuwasiliana na kuchanganyika na watu tangu utotoni.

Na wako watoto wanaochelewa bila sababu kuonekana. Hao nao husaidika.

MANENO YA MITAANI

Tuyajibu baadhi ya maneno tunayoyasikia.

"Tunamchanganya kwa lugha nyingi." Mtoto wetu hapa husikia Kiluo, Kisuba au Kikuria kwa nyanya, Kiswahili sokoni, Kiingereza shuleni na Kiarabu madrasani. Lugha nyingi hazimfanyi mtoto kuwa bubu. Anaweza kuzichanganya katika sentensi moja, na hilo ni sawa, hupita. Mtoto mwenye tatizo la lugha tatizo lake litaonekana katika lugha zote. Kwa hiyo mama azungumze na mtoto kwa lugha anayoijua vizuri, ile ya moyoni. Usiache Kiluo chako ukamsemesha Kiingereza cha kubabaisha kwa sababu umeambiwa ndiyo njia ya kufungua ulimi.

"Ulimi umefungwa chini, ukatwe." Wapo watoto ambao kikano cha chini ya ulimi ni kifupi, na pengine huathiri kunyonya au sauti chache. Lakini hakimfanyi mtoto akose kabisa kuelewa na kusema. Kumkata kwa wembe nyumbani ni kumtia hatarini kwa damu na maradhi. Wa kuamua ni daktari.

"Ni majini," au "ni dhambi ya mama." Ndugu zangu, kumsomea mtoto dua na kisomo cha sharia ni jambo jema na tuendelee nalo. Lakini Mtume (S.A.W.) ametufundisha pia kujitibu, na kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Dua haikatazi kwenda kwa mtaalamu, na kwenda kwa mtaalamu hakupunguzi tawakkul. Ama kumlaumu mama, hiyo ni dhulma. Ndoa zimevunjika kwa neno hilo. Baba anaondoka, anaoa kwingine, mama anabaki na mtoto mgongoni. Mwenye kufunga mchana na usiku akamuumiza mkewe kwa jambo ambalo Allah ndiye aliyelikadiria, aiangalie saumu yake vizuri.

"Atasema tu, hata babake alichelewa." Pengine kweli. Lakini kumchunguza hakutakuletea hasara, na kungoja mpaka darasa la kwanza kunaweza kukuletea. Miaka ya mwanzo ndiyo ubongo hujifunza lugha kwa wepesi zaidi.

MADRASANI

Hapa naomba maustadh wangu wanivumilie, mimi ni mwanafunzi wenu.

Nawapa mfano wa mtoto ninayemjua, jina lake nitaliacha. Alikuwa na miaka sita. Madrasani walimhesabu mkaidi. Wenzake wakisoma Alhamdu yeye anatazama midomo yao na kuchelewa neno moja nyuma. Akiitwa kwa nyuma hageuki. Alichapwa mara kadhaa kwa ukaidi huo. Mwisho shangazi yake alimpeleka hospitali, ikaonekana masikio yote mawili yalikuwa na usaha wa muda mrefu. Yule mtoto hakuwa mkaidi hata siku moja. Alikuwa anasoma kwa macho kile ambacho masikio hayakumpa. Ukifikiri vizuri, alikuwa na bidii kuliko sisi sote. Baada ya kutibiwa na kuketishwa mbele, karibu na ustadh, alianza kushika sura fupi fupi.

Mtume (S.A.W.) ameeleza, katika hadithi iliyopokewa na Bibi Aisha (R.A.) ndani ya Bukhari na Muslim, kwamba mwenye kuisoma Qur'ani kwa kusitasita na kwa taabu ana ujira mara mbili. Sasa mtu ambaye Mola wake anamwandikia ujira mara mbili, sisi tunamwandikia viboko? Mwenye kigugumizi asikatizwe, asimaliziwe neno, asiambiwe "haraka" wala "vuta pumzi." Mtazame kwa utulivu, mngoje amalize. Na wenzake wakimcheka, watu wa kukanywa ni wao.

Maustadh, nyinyi mna elimu ambayo watu wa tiba ya usemi wanaisomea chuo kikuu. Tunajifunza makhaarij, mahali herufi zinapotokea: uwazi wa kinywa, koo, ulimi, midomo na pua. Ustadh anajua kuonyesha kwa kidole ulimi uguse wapi. Basi tumia elimu hiyo kwa upole. Mtoto wa miaka minne aliyeshindwa na 'ain au dhaad hana ugonjwa. Herufi hizo hazimo katika lugha ya nyumbani kwake. Lakini yule anayeshindwa na sauti za lugha yake mwenyewe, au asiyeelewa maagizo mepesi kama "lete juzuu yako," mwite mzazi wake mzungumze faragha.

Na mtoto aliye kiziwi kabisa je? Mafakihi wetu walikwishasema zamani kwamba ishara ya bubu inayofahamika inasimama mahali pa maneno, hata katika mikataba. Kama ishara inatosha mtu kuozwa na kuuziana, kwa nini isitoshe kufundishwa dini? Katiba ya Kenya ya 2010 inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya, na Ibara ya 54 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuitumia. Zipo shule za viziwi karibu nasi: Kuja katika kaunti ya Migori na Lambwe katika kaunti ya Homa Bay. Ni wangapi katika vijana wetu wanaojua kumwonyesha mtoto kiziwi namna ya kutawadha na kumweleza kwa nini? Bwana Mtume (S.A.W.) alimfanya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu, kuwa muadhini wake pamoja na Bilal. Hakumwekea kiti cha nyuma.

NYUMBANI, KUANZIA LEO

Anas (R.A.) alikuwa na ndugu mdogo, Abu Umayr, aliyekuwa na kindege chake cha kuchezea. Kindege kilipokufa, Mtume (S.A.W.) alimuuliza mtoto habari zake kwa upole. Angalieni: mtu mwenye mzigo wa umma mzima anazungumza na mtoto mdogo juu ya jambo ambalo lipo moyoni mwa mtoto. Tiba ya usemi inaanzia hapo hapo. Basi tufanye hivi:

1. Keti chini, uso kwa uso, mtoto aone midomo yako. Zungumza juu ya kile anachokitazama yeye.

2. Taja mambo mkiyafanya. Unamwogesha, sema: "Maji. Maji baridi. Tunaosha mkono." Sentensi fupi, neno lile lile mara nyingi.

3. Akisema neno moja, mwongezee moja. Akisema "gari," sema "gari kubwa." Usimsahihishe kwa ukali, mrudishie tu neno lilivyo sawa.

4. Ngoja. Ukimuuliza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kumjibia. Wengi tunawanyang'anya watoto zamu yao.

5. Punguza "Sema! Sema baba! Hii nini?" Mtoto anayehojiwa kama yuko kituo cha polisi hunyamaza.

6. Tumia mikono na picha. Ishara hazimzuii kusema, zinamsaidia.

7. Zima televisheni na weka simu kando. Simu inasema, lakini haimngoji mtoto ajibu.

Ramadhani inatupa nafasi ya haya yote. Tunakaa pamoja kungoja adhana, tunagawa tende, tunafuturu sinia moja. Mpe mtoto asiyesema kazi ya kugawa tende. Kila anayepokea amtazame usoni, aseme "tende," aseme "shukran," amngoje. Watu kumi nyumbani ni masomo kumi kwa jioni moja, bila senti.

WAPI PA KWENDA, NA NANI ATALIPA NAULI

Tuseme ukweli. Wataalamu wa tiba ya usemi Kenya ni wachache, na wengi wako Nairobi. Kwa miaka mingi Mkenya aliyetaka kusomea kazi hii alikwenda ng'ambo. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, kilianzisha shahada yake, na hapo mlango wa Afrika Mashariki ukafunguka. Vijana mnaomaliza kidato cha nne na alama nzuri, si lazima sote tuwe wanasheria na wahasibu. Mtaalamu wa usemi anayejua Kiluo, Kiswahili na mwenye kuijua madrasa ni hazina ambayo kaunti zetu zinaihitaji.

Kwa sasa, mlango wa kwanza ni zahanati au kliniki yako. Mwombe muuguzi akuandikie rufaa kwenda hospitali ya kaunti, idara ya masikio, pua na koo, akapimwe kusikia kwanza. Pia zipo ofisi za elimu za kupima watoto wenye mahitaji maalumu, mpango ulioanza Kenya mwaka 1984. Uliza katika ofisi ya elimu ya eneo lako. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kukuelekeza. Na pengine utaambiwa uende Kisumu.

Hapo kwenye Kisumu ndipo wengi hukwama. Mama anayeuza samaki Mbita hana nauli ya kwenda na kurudi kila mwezi na mtoto mkononi. Ndugu zangu, mafukara na masikini ndio wa kwanza kutajwa katika wenye haki ya zaka. Tunagawa mchele na sukari mwezi huu, na ni jambo zuri. Naomba jumuiya yetu ya vijana, pamoja na hayo, iandike majina ya watoto hawa mtaa kwa mtaa, kwa siri na heshima, na itenge fungu la nauli litakaloendelea hata baada ya Idi. Mchele wa futari unaisha siku hiyo hiyo. Mtoto akipata neno la kuomba maji na kusema wapi panamuuma, hilo atakaa nalo maisha.

Nabii Musa alipoomba, Allah alimjibu kwamba amepewa alichokiomba. Mtoto asiyesema hawezi kuomba kwa ulimi wake. Amewekwa mikononi mwetu tumwombee, kisha tuinuke tumpeleke. Kesho asubuhi, mwenye mtoto wa namna hii na aende kliniki. Mwenye jirani mwenye mtoto kama huyo na amgongee mlango, amwambie: "Twende pamoja."

Tunamuomba Allah (S.W.) azikubali saumu zetu, awaponye watoto wetu, awafungue ndimi na masikio, na atujaalie sisi kuwa Harun kwao. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.